Sura ya Tano: Nani Hujitokeza Kupiga Kura?

Kila uchaguzi mkuu unapokwisha, swali hilihili huulizwa, iwe stendi ya Mikumi au sokoni Kilosa mjini: mbona waliojiandikisha ni wengi, waliopiga kura ni wachache? Miaka mingine swali hugeuka: hiyo asilimia kubwa iliyotangazwa redioni imetoka wapi, ilhali foleni zilikuwa fupi? Yote mawili yanahusu jambo moja, yaani mwitikio wa wapiga kura. Mwitikio ni kiasi cha watu waliopiga kura kikilinganishwa na cha watu waliotarajiwa kupiga. Kuwahesabu waliopiga ni kazi nyepesi, maana kura zimo sandukuni. Ugumu uko kwa hao waliotarajiwa: ni akina nani, na nani aliwahesabu?

Asilimia ya nini?

Chukua kitongoji cha kufikirika chenye watu wazima 400. Waandikishaji wanapita, watu 320 wanaingia kwenye daftari. Siku ya kura wanajitokeza 200. Ukigawanya 200 kwa waliojiandikisha, unapata zaidi kidogo ya asilimia 62. Ukigawanya kwa watu wazima wote, unapata asilimia 50. Hakuna aliyedanganya, na kura ni zilezile. Hesabu ya kwanza imewasahau tu watu 80 ambao hawakufika hata kwenye daftari.

Tanzania hutumia hesabu ya kwanza. Tume ya Uchaguzi hutangaza mwitikio kwa kulinganisha kura na majina yaliyoandikishwa. Nchini Marekani, wachambuzi hupenda hesabu ya pili: huwachukua watu wote wenye sifa za kupiga kura, waliojiandikisha na wasiojiandikisha. Kwa kipimo hicho, uchaguzi wa Marekani wa 2020 ulikuwa na mwitikio wa karibu asilimia 66, ule wa 2024 karibu asilimia 64, na ule wa wabunge pekee wa 2014 karibu asilimia 37. Anayeziweka namba hizo kando ya namba za Tanzania bila kuuliza zilivyopatikana analinganisha vipimo viwili tofauti.

Uchaguzi kwa uchaguzi

Hesabu za kura ya urais tangu vyama vingi viliporudi, kama zilivyotangazwa, ni hizi:

- 1995: waliojiandikisha milioni 8.9, waliopiga milioni 6.8, asilimia 77
- 2000: milioni 10.1, milioni 8.5, asilimia 84
- 2005: milioni 16.4, milioni 11.9, asilimia 72
- 2010: milioni 20.1, milioni 8.6, asilimia 43
- 2015: milioni 23.2, milioni 15.6, asilimia 67
- 2020: milioni 29.8, milioni 15.1, asilimia 51
- 2025: milioni 37.7, milioni 32.7, asilimia 87

Kabla ya hapo, enzi za chama kimoja, mwitikio ulikuwa mkubwa pia. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, ulifika karibu asilimia 77. Kwa urais mpiga kura alichagua ndiyo au hapana. Kwa ubunge, hata hivyo, palikuwa na kinyang'anyiro cha kweli kati ya wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na hata mawaziri waliangushwa. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa kuwa hoja ya ushindani itarudi mbele.

Ukiisoma orodha hiyo haraka, utasema mwaka 2000 ndio uliokuwa kilele cha ari ya Watanzania kabla ya 2025. Hapo ndipo hesabu inapopotosha. Hadi mwaka 2000 daftari liliandikwa upya kila uchaguzi. Aliyepanga foleni kujiandikisha wiki chache kabla ya kura alikuwa tayari ameamua kuipiga, na asiye na nia hakujisumbua. Sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni 34.4, na karibu nusu walikuwa chini ya miaka 18. Kwa hiyo mwaka 2000 watu wazima walikuwa kama milioni 16. Kura milioni 8.5 kati yao ni kama asilimia 53 tu. Mwaka 2005, kwa hesabu hiyohiyo, inakuja kama asilimia 64. Yaani asilimia iliyotangazwa ilishuka kutoka 84 hadi 72, huku sehemu ya Watanzania waliopiga kura ikipanda.

Kilichobadilika kati ya miaka hiyo miwili ni daftari lenyewe. Mwaka 2004 uandikishaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulianza. Jina likishaingia humo hubaki kutoka uchaguzi hadi uchaguzi, likisubiri kuboreshwa: wenye umri mpya kuongezwa, waliohama kuhamishwa, waliofariki kuondolewa. Kuongeza ni rahisi, maana kijana huja mwenyewe. Kuondoa ni kugumu, kwa sababu marehemu haji kuripoti, na familia iliyo msibani haina haraka ya kwenda kwa mwandikishaji.

Kwa ufupi: mwitikio unaweza kushuka kwa sababu watu wamebaki nyumbani, au kwa sababu daftari limenenepa. Kujua ni lipi limetokea, tazama idadi ya kura zenyewe kabla ya kutazama asilimia.

Mwaka 2010 na mwaka 2020: miporomoko miwili isiyofanana

Kwa kipimo hicho, mwaka 2010 ndio wenye uzito. Kura zilipungua kwa zaidi ya milioni 3 ndani ya miaka mitano, katika nchi ambayo idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka. Hapo daftari halitoshi kuwa maelezo, kwa kuwa watu walibaki nyumbani kweli. Jakaya Kikwete alikuwa ameshinda kwa asilimia 80 mwaka 2005, na wengi waliona matokeo ya pili yanajulikana. Ajabu ni kwamba siku hiyohiyo, tarehe 31 Oktoba 2010, mwitikio wa Zanzibar ulikaribia asilimia 90. Huko wagombea wa urais wa Zanzibar, Ali Mohamed Shein na Seif Sharif Hamad, walitenganishwa na takriban asilimia moja ya kura. Aliyeamka alfajiri Pemba alijua kura yake ina uzito. Wa bara hakuwa na hakika hiyo.

Mwaka 2020 ni habari nyingine. Kura zilikuwa milioni 15.1 dhidi ya milioni 15.6 za 2015, tofauti ndogo. Daftari ndilo lililoongezeka kwa zaidi ya majina milioni 6, na asilimia ikaanguka kutoka 67 hadi 51. Hata hivyo, kura kusimama palepale huku watu wazima wakiongezeka kwa mamilioni si jambo la kupuuzwa. Kizazi kizima kiliingia umri wa kupiga kura bila sanduku kuonyesha dalili yake.

Kati ya hiyo miwili uko mwaka 2015, wenye sababu mbili za kupanda zilizokutana. Kwanza, daftari liliandikwa upya kwa mfumo wa BVR, yaani uandikishaji unaochukua alama za vidole na picha, na majina mengi yasiyo na wenyewe yakaachwa nyuma. Pili, Edward Lowassa alihama CCM na kugombea urais kwa Chadema akiungwa mkono na vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani. Alipata karibu asilimia 40, na John Magufuli akashinda kwa asilimia 58. Tangu 1995 wagombea wawili wa kwanza wa urais wa Muungano hawakuwa wamekaribiana kiasi hicho.

Kadi ina kazi nyingi

Kuna sababu nyingine ya daftari kuwa na watu wasiofika kituoni, nayo ni ya maisha ya kawaida kabisa. Kabla kitambulisho cha taifa cha NIDA hakijaenea, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mnyonge. Kwa kadi hiyo mtu alisajili laini ya simu, alifungua akaunti benki, alichukua mkopo, alijitambulisha polisi. Mkulima wa mpunga wa Kilangali au mama lishe wa Ruaha aliyepanga foleni siku nzima kwenye mashine ya BVR huenda alikuwa akitafuta kadi kuliko kura. Waliopachika kadi hiyo jina la kichinjio waliiona kama silaha ya kumwangusha mgombea, ilhali kwa wengi ilikuwa kwanza kabisa mlango wa huduma. Kumlaumu mtu huyo kwamba amejiandikisha kisha "akasusa" ni kumhukumu kwa jambo ambalo hakulikusudia.

Kilosa na Mikumi: kura na ardhi

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ilikuwa na watu 438,175 kwa sensa ya 2012. Ina majimbo mawili ya ubunge, Kilosa na Mikumi, baada ya Gairo kuwa wilaya inayojitegemea. Ni wilaya ndefu yenye sura nyingi: reli ya kati na mashamba ya mkonge upande wa Kimamba na Rudewa, mbuga za Mkata, milima ya Vidunda na Uleling'ombe, mashamba ya miwa ya Ruhembe, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inayokatisha Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kila sura ina wapiga kura wake, na kila mmoja ana kikwazo chake.

Msingi wa vikwazo karibu vyote ni kanuni moja: mtu hupiga kura pale alipojiandikisha. Tanzania Bara haina kura ya posta. Anayehama anatakiwa kwenda kwa mwandikishaji wakati wa maboresho ya daftari na kuomba taarifa zake zihamishwe. Akikosa siku hizo chache, jina lake litabandikwa kwenye orodha ya kituo alichokiacha.

Sasa tazama msimu. Uchaguzi mkuu hufanyika mwishoni mwa Oktoba. Huo ni wakati wa kiwanda cha sukari kusaga miwa, na wakata miwa waliotoka mikoa mingine wamo mashambani Ruhembe na Kidodi. Mwenye kadi ya Njombe au Mbeya ana njia mbili: kupanda basi na kupoteza malipo ya siku kadhaa, au kuiacha kura. Kwa mtu anayelipwa kwa kazi aliyoifanya, hilo halihitaji kufikiriwa sana. Sikukuu ya kitaifa inayotangazwa siku ya kura humsaidia karani wa ofisini kuliko mkata miwa.

Wafugaji wa jamii ya Parakuyo wa Twatwatwa na vijiji vingine vya wilaya hukutwa na jambo hilohilo kwa njia nyingine. Oktoba ni mwisho wa kiangazi. Maji na majani ya karibu yamekwisha, na vijana wenye nguvu wako mbali na ng'ombe. Nyumbani wamebaki wazee, akina mama na watoto. Kituo cha kijiji kinaweza kuonekana kina vijana wavivu wa kupiga kura, kumbe vijana wako malishoni. Katika wilaya yenye historia chungu ya ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji, yakiwemo mauaji ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000, nani anafika sandukuni na nani hafiki si suala la takwimu tu. Diwani na mbunge wanaochaguliwa ndio wanaoketi kwenye vikao vinavyozungumzia mipaka ya vijiji na matumizi ya ardhi.

Milimani kikwazo ni miguu. Vituo huwekwa mara nyingi shuleni au kwenye ofisi za vijiji, na hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kwa mwenyeji wa kitongoji cha juu, njia ni ya mteremko kwenda na ya mlima kurudi. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu hupewa nafasi ya mbele wanapofika kituoni, ila nafuu hiyo haianzi mpaka wafike.

Kisha kuna maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo, ukabomoa nyumba, ukakata reli na kuwahamishia maelfu ya watu kwenye mahema. Uchaguzi ulikuwa miezi kumi mbele. Familia iliyopoteza nyumba hupoteza pia kila kilichokuwa kabatini, kadi ya kura ikiwemo, na ikihamishiwa eneo jipya huwa imeachana na kituo chake. Mafuriko huigusa Kilosa mara kwa mara, na kila yanapokuja hulichafua daftari pamoja na mashamba.

Vijana, wanawake, mjini na kijijini

Wanawake ni zaidi kidogo ya nusu ya walioandikishwa Tanzania. Marekani walipata haki ya kura nchi nzima mwaka 1920, wakachukua miongo sita kuwafikia wanaume kwa mwitikio. Tangu 1980 wamewapita katika kila uchaguzi wa rais.

Vijana ni habari nzito zaidi. Wenye miaka 18 hadi 35 ndio wengi katika daftari la Tanzania, kwa sababu ndio wengi nchini. Lakini karibu kila mahali palipopimwa, vijana hupiga kura kwa kiwango cha chini kuliko wazee. Marekani mwaka 2020, mwaka ambao vijana walisifiwa kwa kujitokeza, karibu nusu ya walio chini ya miaka 25 walipiga kura, dhidi ya karibu robo tatu ya wenye miaka 65 hadi 74. Kenya dalili ilionekana mapema, wakati wa kujiandikisha: kwa uchaguzi wa 2022 wapiga kura wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40 ya daftari, pungufu ya 2017, ingawa idadi ya vijana nchini ilikuwa imeongezeka.

Sababu haihitaji kutafutwa katika tabia ya vijana. Kijana huhama. Wa kata ya Ulaya au Zombo, huku Kilosa, anamaliza shule, anakwenda Mikumi kuendesha bodaboda, anapata kibarua kwenye ujenzi wa reli ya kisasa, kisha anaishia Dar es Salaam. Jina lake limebaki kijijini. Mama yake yuko palepale tangu alipoolewa, kituo anakijua, msimamizi anamjua, na mwenyekiti wa kitongoji atamgongea mlango asubuhi.

Hapo ndipo Afrika inapotofautiana na Marekani. Huko, mwenye shahada na kipato kikubwa hupiga kura zaidi ya maskini asiyesoma sana. Tafiti za maoni zilizofanywa katika nchi nyingi za Afrika zinaonyesha kwamba mtu wa kijijini hujitokeza zaidi ya wa mjini. Kijijini kuna mwenyekiti wa kitongoji, kuna balozi wa shina la chama, kuna majirani wanaoulizana kidole kimepakwa wino au bado. Mjini hakuna anayejua kama jirani ametoka.

Kwa ufupi: anayekaa pamoja na jina lake hupiga kura. Anayetenganishwa na jina lake, kwa kazi, kwa mifugo au kwa mafuriko, huhesabiwa kama asiyejali.

Ushindani huvuta watu

Umbali na msimu haviwezi kueleza kila kitu, kwa kuwa milima ya Vidunda ilikuwapo 2010 na ilikuwapo 2015. Kinachobadilika kati ya uchaguzi mmoja na mwingine ni kama watu wanaona kuna jambo la kuamua. Jimbo la Mikumi linaonyesha jambo hilo. Mwaka 2015 mwanamuziki Joseph Haule, anayejulikana kama Profesa Jay, aligombea ubunge kwa Chadema akaitwaa Mikumi, huku jimbo jirani la Kilosa likibaki CCM. Watu wa wilaya moja, chini ya halmashauri moja, walifanya maamuzi mawili tofauti siku moja. Mwaka 2020 kiti cha Mikumi kilirudi CCM kupitia Dennis Londo.

Kinyume chake kulikuwa kupita bila kupingwa, pale mgombea mmoja alipotangazwa mshindi wa jimbo au kata kwa sababu wapinzani hawakuteuliwa au walijitoa. Mwaka 2020 hilo lilitokea katika majimbo zaidi ya ishirini, yakiwemo Ruangwa na Kongwa. Mwananchi wa jimbo kama hilo bado aliweza kumpigia kura rais, lakini kura ya mtu ambaye angemfuata kuhusu zahanati na barabara iliondolewa mkononi mwake kabla ya kampeni kuanza. Ni vigumu kumlaumu kama aliendelea na shughuli zake.

Asilimia 87 ya mwaka 2025

Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika Chadema ikiwa nje ya kinyang'anyiro na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akiwa rumande kwa shtaka la uhaini. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alikuwa ameenguliwa. Siku ya kura kulizuka maandamano na mauaji, intaneti ikazimwa, na amri ya kutotoka nje ikatolewa Dar es Salaam. Tume ilimtangaza Samia Suluhu Hassan mshindi kwa karibu asilimia 98, na mwitikio wa asilimia 87, mkubwa kuliko wowote tangu 1995. Waangalizi wa SADC walisema katika maeneo mengi wananchi hawakuweza kuonyesha utashi wao wa kidemokrasia. Wale wa Umoja wa Afrika nao walisema uchaguzi haukufuata misingi ya umoja huo.

Hesabu ya mwanzo wa sura hii inaweza kutumika hapa pia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, karibu nusu wakiwa chini ya miaka 18. Kwa kasi ya ongezeko ya asilimia 3.2 kwa mwaka, mwaka 2025 watu wazima wangekuwa kama milioni 34 au 35. Daftari lilikuwa na majina milioni 37.7. Daftari linalozidi watu wazima waliopo lina majina yasiyo na wenyewe. Na kura milioni 32.7 zingemaanisha kwamba zaidi ya tisa kati ya kila watu wazima kumi, pamoja na wagonjwa, wasafiri, wafungwa, wafugaji walio malishoni na wakata miwa walio mbali na kwao, walifika kituoni siku hiyo ya taharuki. Hakuna uchaguzi mwingine wa vyama vingi katika orodha iliyo juu ambao, ukipimwa kwa watu wazima, ulifika hata saba kati ya kumi.

Namba za kituo

Asilimia ya taifa hutokana na maelfu ya vituo, kila kimoja kikiwa na wapiga kura wasiozidi mamia machache. Kituo kikifungwa, kura huhesabiwa palepale mbele ya mawakala wa vyama, na matokeo hujazwa kwenye fomu inayobandikwa nje. Anayetaka kujua mwitikio wa mahali pake anahitaji namba tatu tu:

- waliojiandikisha katika kituo hicho, ambao majina yao hubandikwa kabla ya siku ya kura
- jumla ya kura halali
- kura zilizoharibika, ambazo nazo huhesabiwa katika mwitikio kwa kuwa mwenye kura alifika

Kura zilizoharibika si jambo dogo. Mwaka 2020 zilizidi 260,000 nchi nzima. Hao ni watu waliotembea, wakapanga foleni, wakaingia kwenye kituturi, na mwisho wake kura zao hazikwenda kwa mgombea yeyote. Kwenye asilimia ya mwitikio wamo. Kwenye asilimia za wagombea hawamo, kwa kuwa hizo hupigwa kwa kura halali peke yake.